Bose, Mbengali aliyetaka mmea uandike wenyewe

KUTOKA maabara aliyoijenga Jagadish Chandra Bose jijini Kolkata hadi Rarikhal, kijiji cha ukoo wake, leo ni safari ya kuvuka mpaka, kugongewa muhuri kwenye pasipoti na kubadilisha fedha. Maabara iko India, kijiji kiko Bangladesh. Alipofariki mwaka 1937 mpaka huo ulikuwa haujachorwa, na mataifa yote mawili sasa yanamhesabu kuwa mtoto wao.

Jina lake hutajwa kila panapozuka mjadala kama mimea ina fahamu. Wapo wanaoamini kuwa mmea ukisemeshwa kwa upendo hustawi, na ukikusudiwa mabaya hujua kabla panga halijaugusa. Hao humtaja Bose kuwa shahidi wao. Alichokipima Bose kilikuwa cha ajabu vya kutosha, lakini hakikuwa hicho.

Alizaliwa Novemba 30, 1858 mashariki mwa Bengali, India yote ikiwa chini ya Waingereza. Baba yake, Bhagawan Chandra Bose, alikuwa ofisa wa serikali ya kikoloni mwenye mamlaka ya hakimu. Watu wa cheo chake walipeleka watoto wao shule za Kiingereza. Yeye alimpeleka mwanawe shule ya kijijini iliyofundisha kwa Kibengali, akitaka aijue kwanza lugha yake na watu wake. Pale Jagadish alikaa darasa moja na mtoto wa Mwislamu aliyekuwa mtumishi wa baba yake na mtoto wa mvuvi. Baadaye alieleza kuwa hadithi za wenzake hao, za ndege, wanyama na viumbe wa majini, ndizo zilizomtia hamu ya kuchunguza maumbile.

Baba huyo alikuwa pia mtu wa kuthubutu biashara, na nyingi zilimshinda. Alitia fedha katika kilimo cha chai huko Assam, akaanzisha miradi ya kuwapa vijana ujuzi na kazi, akakopa, na mwisho akabaki na madeni makubwa. Kijana alikua akiyaona hayo.

Baada ya kusoma kwa mapadri Wajesuiti mjini Kolkata, alikwenda London mwaka 1880 kusomea udaktari. Homa aliyotoka nayo India ilimrudia kila mara, na harufu ya chumba cha kupasulia maiti ilimzidishia. Akauacha udaktari, akahamia Cambridge kusoma sayansi. Miongoni mwa walimu wake walikuwa Lord Rayleigh, mwanafizikia mkubwa wa zama zile, na Francis Darwin, mtoto wa Charles Darwin, aliyefundisha elimu ya mimea. Mtu anayefahamu maisha yake ya baadaye ataona kuwa fizikia na mimea vilikutana kichwani mwake tangu wakati huo, ingawa vilichukua karibu miaka 20 kuzaa matunda.

Mshahara aliokataa kuupokea

Mwaka 1885 alirudi Kolkata na kupata kazi ya kufundisha fizikia katika Presidency College. Wakuu wa elimu hawakumpokea kwa moyo mweupe, kwa kuwa wengi wao waliamini Mhindi anaweza falsafa na lugha lakini hana akili ya sayansi ya vipimo. Imani hiyo ilionekana hadi kwenye daftari la mishahara. Mwalimu Mhindi alilipwa theluthi mbili ya alicholipwa Mzungu wa cheo kilekile. Bose, kwa kuwa ajira yake iliitwa ya muda, aliwekewa nusu ya hiyo, yaani theluthi moja.

Hakugoma kufundisha. Aligoma kupokea. Kwa miaka mitatu aliingia darasani kila siku ya kazi, na mwezi ulipokwisha aliuacha mshahara palepale ulipo. Hakuwa tajiri wa kufanya mzaha huo. Wadai wa baba yake walikuwa wakisubiri, na mwaka 1887 alimwoa Abala Das, mwanamke aliyesomea udaktari Madras na ambaye baadaye alikuja kujulikana kwa kupigania elimu ya wasichana. Mwishowe wakubwa walishindwa wao. Alithibitishwa kazini na kulipwa malimbikizo yote ya miaka mitatu kwa kiwango cha Mzungu. Fedha hizo zilikwenda kulipa madeni ya mzee.

Chuo hakikuwa na maabara ya kufanyia utafiti. Alijitengea kichumba kidogo, akamwajiri fundi bati wa mtaani ambaye hakuwahi kuona chombo cha sayansi, na wawili hao wakaanza kuunda vifaa vyao. Mwaka 1895, katika ukumbi wa mji wa Kolkata, alionyesha mbele ya watu kuwa mawimbi ya umeme yasiyoonekana hupita kwenye ukuta wa matofali, yakagonga kengele na kulipua baruti upande wa pili. Marconi, ambaye dunia inamkumbuka kwa redio, ndiyo kwanza alikuwa akianza majaribio yake nchini Italia.

Miaka michache baadaye, akiwa London, tajiri wa kampuni ya simu alimfuata akiwa na karatasi za hataza mkononi, akimsihi asitangaze siri ya kipokezi chake bure na kumwahidi mgawo wa faida. Bose alikataa. Rafiki yake Mmarekani, Sara Bull, ndiye aliyemshinikiza hadi akaomba hataza ya kipokezi hicho Marekani. Ilitolewa mwaka 1904, naye akaiacha ikafa bila kuitumia. Kwa mfanyabiashara huo ni wendawazimu, na hata marafiki zake walimwona hivyo. Labda aliyoyaona kwa baba yake yalimfanya aione pesa kama mtego. Labda alikuwa mkaidi tu, kama ilivyokuwa kwenye mshahara.

Chombo kilichochoka

Habari ya mimea ilianzia kwenye kipokezi hicho hicho. Mwaka 1899 aligundua kuwa chombo chake cha kunasa mawimbi kikitumika mfululizo kilipungua usikivu, na kikipumzishwa kilirudia hali yake. Mwingine angelaumu kutu au waya mbovu. Bose alichora mstari wa jinsi chombo kilivyokuwa kikichoka, akaulinganisha na mstari wa msuli wa mnyama unaoshtuliwa kwa umeme hadi uchoke. Ilifanana. Akaanza kujiuliza: kama chuma na msuli vinaandika mstari mmoja, mmea ulio katikati ya viwili hivyo utaandika nini?

Wataalamu wa wakati ule walikuwa na jibu tayari. Walikubali kuwa mimea michache ya aina yake hutoa msukumo wa umeme inapoguswa. John Burdon-Sanderson, mzee aliyeheshimika kuliko wote Uingereza katika elimu ya viungo vya mwili, ndiye aliyeupima msukumo huo mwaka 1873 kwenye mmea unaonasa wadudu. Lakini mimea ya kawaida, walisema, ni mizito, haina itikio la namna hiyo.

Bose alichuma majani ya mti bustanini, akayaunganisha kwenye chombo chake, akayashtua. Yaliitikia. Akachukua karoti na mboga nyingine za mizizi za kununua sokoni. Nazo, zikiwa zimeshang'olewa shambani na kupangwa kwenye meza ya muuzaji, ziliitikia. Alizipa klorofomu, zikafifia kama mgonjwa anayelazwa kwa upasuaji. Alizipa sumu, mstari ukanyooka na haukuinuka tena. Anayesafirisha nyanya, ndizi au maparachichi kuvuka mpaka anajua kwa hasara zake kuwa zao lililovunwa bado lina uhai, hupumua, hutoa joto na huivisha lililo jirani. Bose alikuwa akiuona uhai huo kwa upande wa umeme.

Mei 10, 1901 alionyesha majaribio hayo mbele ya hadhira ya Royal Institution, London, na alishangiliwa. Mwezi mmoja baadaye alisimama mbele ya Royal Society, chombo cha juu cha wanasayansi wa Uingereza, na mambo yakawa mengine. Burdon-Sanderson alisimama na kusema kuwa jambo hilo haliwezekani, na kwamba mwanafizikia angefanya vyema kubaki kwenye fizikia. Alimtaka abadilishe kichwa cha andiko lake, asitumie neno lililotengwa kwa viumbe wenye misuli. Bose alikataa kubadilisha hata neno moja pasipo mtu kumwonyesha kosa katika vipimo vyake. Andiko liliwekwa kabatini bila kuchapishwa.

Kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi. Augustus Waller, mmoja wa waliompinga siku ile, alichapisha matokeo yanayofanana na ya Bose kama ugunduzi wake mwenyewe. Bose alipopata nafasi katika Linnean Society, jumuiya ya wataalamu wa mimea, wakubwa wa huko waliangalia tarehe na karatasi, wakaona nani alitangulia, wakalichapisha andiko lake mwaka 1902. Gharama za kubaki Ulaya wakati wa vuta nikuvute hiyo zilipunguzwa makali na rafiki yake, mshairi Rabindranath Tagore, aliyekwenda kumwombea fedha kwa mtawala wa Tripura.

Kifauongo kwenye mizani

Mmea aliouchunguza kwa muda mrefu zaidi unajulikana vizuri Afrika Mashariki. Ni ule wa kutambaa kando ya njia, wenye miiba midogo, ambao watoto huugusa ili waone majani yakijikunja. Waswahili wameuita kifauongo, kwa kuwa hujifanya umekufa. Wabengali wanauita lajjabati, yaani mwenye haya. Majina yote mawili yanaupa mmea tabia ya binadamu, mmoja wa hila na mwingine wa adabu.

Bose aliyaacha majina kando, akaunda chombo ambacho jani lenyewe lilisukuma sindano nyepesi juu ya kioo kilichopakwa masizi. Sindano ilidonoa kioo kwa vipindi sawa vya sehemu ndogo sana ya sekunde, hivyo kila alama ilikuwa pia saa. Kwa njia hiyo aliweza kusema mshtuko uliopigwa kwenye kikonyo ulichukua muda gani kulifikia jani. Akaona kuwa baridi huuchelewesha mshtuko huo, joto la wastani huuharakisha, na sumu ikipakwa njiani huuzuia usipite kabisa. Akaona pia kuwa usikivu wa mmea hubadilika kati ya mchana na usiku. Kwa msisitizo alidai kwamba huo ni msukumo unaofanana na wa mishipa ya fahamu ya mnyama, na mwaka 1926 alitoa kitabu kizima kuhusu mfumo wa fahamu wa mimea.

Hapo ndipo alipovuka kipimo chake. Kuonyesha kuwa ishara ya umeme husafiri ndani ya mmea ni jambo moja, na kuiita mishipa ya fahamu ni jingine. Mwaka 1916 Mtaliano Ubaldo Ricca alionyesha kuwa katika kifauongo ishara inaweza pia kubebwa na kemikali ndani ya maji yanayopanda kwenye shina, hata sehemu ya shina ikiwa imeuawa. Wataalamu wengi wa mimea waliegemea upande huo, na ubishi ulipokwisha kupoa ilionekana kuwa vyote viwili, umeme na kemikali, vinafanya kazi. Bose hakuwa mtu wa kupunguza madai. Alikuwa ameshaamini kuwa chuma, mmea na mnyama ni ngazi za kitu kimoja, imani iliyotoka kwenye malezi yake kama ilivyotoka maabara, na wapinzani wake walipata pa kumshikia.

Hata hivyo vyombo vyake havikuanguka. Kreskografu, kifaa chake cha kupima ukuaji, kilitumia nyenzo mbili kuukuza mwendo wa mmea mara 10,000, na cha baadaye cha sumaku kiliukuza mara mamilioni, hivyo mtu angeweza kuona ndani ya dakika chache kama mbolea fulani inaharakisha ukuaji au inauzuia. Waller, miaka 20 baadaye na bado mpinzani, alitia shaka hadharani. Aprili 1920 kikundi cha wanasayansi, wakiwamo William Bayliss na V. H. Blackman, kilikishuhudia kifaa hicho kikifanya kazi London na kuandika katika gazeti la The Times kuwa kinapima ukuaji kweli. Mwaka huo huo Royal Society, iliyoliweka andiko lake kabatini, ilimchagua kuwa mwanachama.

Alikuwa ameshastaafu Presidency College mwaka 1915, amepewa cheo cha Sir mwaka 1917, na Novemba 30 mwaka huo, siku aliyotimiza miaka 59, alikuwa amefungua Bose Institute jijini Kolkata kwa fedha zake na michango ya watu. Aliweka sharti kwamba ugunduzi wa taasisi hiyo usifungiwe kwa hataza.

Inasimuliwa kuwa mwandishi Bernard Shaw, ambaye hakula nyama maisha yake yote ya utu uzima, alitembelea maabara yake ya London na kufadhaika alipoona kabichi ikitoa itikio kali ilipokuwa ikichemshwa hadi kufa. Watu wamecheka kisa hicho kwa miaka mingi. Kwa Shaw hakikuwa cha kuchekesha.

Mtende wa Faridpur

Anayetaka kujua Bose angewajibu nini wanaosema mmea husikia mawazo, akiangalie kisa cha mtende wa Faridpur, mji ulio leo Bangladesh. Mtende huo ulikuwa umeinama. Kila jioni, kengele za hekalu zikilia, ulilaza kichwa hadi majani yakagusa ardhi. Asubuhi ulikuwa umeinuka tena. Watu waliona mti unasali. Walikuja kutoka mbali na sadaka, na habari za wagonjwa kupona zikaenea.

Bose hakuwadhihaki. Aliomba ruhusa kwa mwenye mti, ambaye alisita kuona chombo cha kigeni kikifungwa kwenye mti mtakatifu, na akaridhika alipoelezwa kuwa kimetengenezwa Kolkata. Kisha chombo kikaandika usiku na mchana. Mstari ulionyesha kuwa mtende haukuwa umetulia hata dakika moja. Joto la hewa lilipopanda uliteremka, lilipopoa ulipanda. Kengele hazikuwa na habari nayo. Wakati wa sala ulikutana tu na saa ambayo joto la mchana lilikuwa limeshamaliza kazi yake. Akapima miti mingine iliyoinama, akakuta nayo inapanda na kuteremka, ila kwa kiasi kidogo ambacho jicho halikioni.

Huyo ndiye mtu aliyetumia nusu ya maisha yake kutetea kwamba mimea inahisi. Alipoambiwa mti unasali, alichukua vipimo vya joto.

Alifariki Novemba 23, 1937 katika mji wa Giridih, zikiwa zimebaki siku saba atimize miaka 79. Yeye na Abala hawakuacha mtoto. Sehemu kubwa ya mali yake iliachwa kwa taasisi na kwa shughuli za elimu.

Madai ya mimea kusoma mawazo yalikuja baadaye na kutoka kwingine. Mwaka 1966 Cleve Backster, Mmarekani mtaalamu wa mashine ya kutambua uongo aliyewahi kufanya kazi na shirika la kijasusi la nchi yake, aliifunga mashine hiyo kwenye jani la mmea wa ofisini kwake New York. Alisema kuwa alipowaza kulichoma, kalamu iliruka. Aliendelea kudai kuwa mimea hutambua hata kifo cha kamba wadogo wanaotumbukizwa katika maji ya moto chumba cha pili. Kitabu kilichotoka Marekani mwaka 1973 kilimweka Backster na Bose katika ukoo mmoja na kuuzwa sana, na tangu hapo wengi hawawatenganishi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walirudia jaribio la kamba kwa uangalifu zaidi na mwaka 1975 wakatangaza katika jarida la Science kuwa hawakuona uhusiano wowote. Jani lililofungwa waya, kama udongo wake una unyevu na mtu anapitapita karibu, hutikisa kalamu bila kuhitaji kujua anachowaza.

Yaliyothibitishwa tangu Bose afe ni mengine. Mwaka 2018 watafiti walionyesha kwa picha jinsi jani likiliwa na kiwavi linavyorusha wimbi la chembe za kalsiamu ambalo huyafikia majani ya mbali ndani ya dakika moja au mbili, nayo huanza kujiandaa kwa kinga. Jani la kifauongo hujikunja kwa sababu chumvi za potasiamu hutoka ghafla kwenye seli za shina la jani, maji yakazifuata, na seli zikalegea. Mmea mwingine alioupenda Bose, ule wa Bengali ambao vijani vyake hupanda na kushuka vyenyewe mchana kutwa, ni wa jamii ya desmodiamu, ambayo ndugu zake leo hupandwa katikati ya mahindi na wakulima wa magharibi mwa Kenya, Uganda na Tanzania ili kupunguza mashambulizi ya viwavi na kukandamiza kiduha, njia iliyokuzwa na watafiti wa kituo cha icipe huko Mbita, kando ya Ziwa Victoria.

Katika mimea hiyo yote hakuna aliyekuta ubongo wala seli ya fahamu. Wapo wataalamu wachache wanaosema neno fahamu lipanuliwe ili liingize mimea, na wengi zaidi wanaosema hapana, ishara ipo lakini hakuna anayeisikia ndani. Vyombo alivyounda Bose na mafundi wake bado vinaonyeshwa katika jumba la makumbusho la Bose Institute.